Neno "cichlid": maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watu wa Kigoma

Mgeni akishuka Kigoma na miwani ya kuzamia ndani ya begi, hachelewi kutamka neno hili. Vijana wa boti wanalisikia, waongoza watalii wanalisikia, wanafunzi wanakutana nalo kwenye baiolojia, na mara nyingi wanaitikia tu kwa kichwa kwa sababu hakuna aliyewaeleza. Wasilionee aibu. Wapo watu wengi waliozaliwa na Kiingereza ambao hawajawahi kulisikia, maana ni neno la wataalamu wa samaki na la watu wanaofuga samaki wa mapambo. Lakini samaki wenyewe wanaotajwa na neno hili ni wetu, wamo kwenye Ziwa Tanganyika na kwenye sufuria zetu, na ni vizuri tukajua linasema nini.

Kwa kifupi, cichlid ni nini?

Ni jina la familia nzima ya samaki, siyo la samaki mmoja. Ngege ni cichlid. Kuhe ni cichlid. Na wale samaki wadogo wenye rangi za kila namna unaowaona ukichungulia kwenye mawe ya ufukweni wakati maji yametulia, wengi wao ni familia hiyo hiyo. Duniani familia hii ina aina zaidi ya 1,600 zilizokwisha kupewa majina, na kila mara zinaongezwa nyingine.

Linatamkwaje?

"Sik-lid", mkazo ukiwa kwenye silabi ya kwanza. Ile "c" ya mwanzo inasikika kama "s" kwa sababu inafuatwa na "i". Ile "ch" ya katikati inasikika kama "k" kwa sababu inatokana na herufi ya Kigiriki, na hili tunalifahamu tayari kwenye lugha yetu: tunasema Kristo na kemia, wakati Waingereza wanaandika maneno hayo kwa "ch". Ukisikia mtu anasema "chichlidi", mwelekeze tu taratibu, maana tahajia yenyewe inapotosha.

Neno lenyewe limetoka wapi?

Limetoka mbali, na njiani limebadilisha mwenyewe mara kadhaa.

Wagiriki wa kale walikuwa na neno *kikhle*. Lilikuwa jina la ndege, ndege mdogo mwimbaji ambaye Ulaya anapatikana mpaka leo. Wavuvi wao wakalitumia jina hilo hilo kwa samaki fulani wa baharini. Aristotle, aliyeishi karne ya 4 kabla ya Kristo na kuandika sana juu ya wanyama, anamtaja samaki huyo pamoja na mwenzake ambaye naye aliitwa kwa jina la ndege, akisema kwamba rangi zao hubadilika kufuatana na majira ya mwaka. Kwa hiyo tangu mwanzo neno hili lilihusishwa na samaki wa rangi. Samaki wa Aristotle, hata hivyo, hakuwa cichlid kama tunavyolitumia neno leo. Alikuwa wa bahari ya Mediterania na wa familia nyingine kabisa.

Miaka zaidi ya elfu mbili ikapita. Berlin alikuwepo daktari aliyeitwa Marcus Elieser Bloch, ambaye kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kukusanya samaki na kuwapanga katika makundi. Alifariki mwaka 1799 kabla hajamaliza kitabu chake kikubwa, na kikamaliziwa na Johann Gottlob Schneider, msomi wa Kigiriki cha kale aliyependa pia elimu ya viumbe. Kitabu kilitoka mwaka 1801. Humo ndani kuna kundi la samaki wa Amerika Kusini lililopewa jina *Cichla*, yaani lile neno la Kigiriki lililovikwa tahajia ya Kilatini. Ukijua kwamba mmoja wa waandishi alikuwa amewasoma Wagiriki maisha yake yote, hushangai jina lilikotoka.

Karne ya 19 ilipoendelea, wataalamu waliona kwamba *Cichla* ana ndugu wengi, wakaunda familia na kuiita *Cichlidae*. Kiingereza kikachukua jina hilo, kikakata mkia, kikabaki na "cichlid". Wajerumani hutumia pia neno lao la kawaida lenye maana ya samaki wa rangirangi.

Hiyo "-id" mwishoni ina maana gani?

Inatokana na kiambishi cha Kigiriki chenye maana ya "mtoto wa" au "wa ukoo wa". Fanya kama ni "bin" katika majina ya watu wa Ujiji. *Cichlidae* ni kama kusema wana wa *Cichla*. Kwenye elimu ya viumbe, jina la familia ya wanyama huishia na "-idae", na Kiingereza hulifupisha kuwa "-id". Mwongozaji wa Gombe anayesikia watafiti wakisema "hominid" kuhusu sokwe anasikia kiambishi hicho hicho.

Kwa nini samaki wa Tanganyika waitwe kwa jina la samaki wa Amerika Kusini?

Kwa sababu familia hubeba jina la kundi lililochaguliwa kuwa kielelezo chake, na kundi hilo, *Cichla*, liliandikwa mapema. Mwaka 1801 hakuna mtaalamu wa Ulaya aliyekuwa ameliona ziwa letu. Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858. Wa Amerika waliwahi kuandikishwa, ndiyo maana. Haina maana kwamba wetu walitoka kule, wala kwamba wale ni bora.

Undugu wenyewe ni wa kweli. Familia hii ipo Afrika, Amerika ya Kusini na ya Kati, Madagaska, na aina chache India ya kusini na Sri Lanka. Ukiziangalia nchi hizo kwenye ramani utaona nyingi ni vipande vya bara moja la kale lililopasuka.

Nitamtambuaje mwaloni?

Swali hili nalipenda, kwa sababu jibu lake halihitaji darubini. Nenda Kibirizi au Katonga asubuhi, mwombe muuzaji ngege mmoja na mgebuka mmoja, uwalaze pamoja.

Anza na pua. Samaki wengi wana matundu mawili ya pua kila upande wa kichwa, moja mbele na jingine nyuma, maji yanaingia huku yanatokea kule. Ngege ana tundu moja tu kila upande. Pitisha kidole kati ya jicho na mdomo utaliona, ni kitundu kidogo kama kilichotobolewa kwa sindano. Alama hii ni ya familia nzima, isipokuwa wachache sana.

Kisha tazama ubavuni. Samaki ana mstari wa vitundu vidogo kwenye magamba, ambao humsaidia kuhisi mtikisiko wa maji. Kwa mgebuka mstari huo unakwenda moja kwa moja mpaka mkiani. Kwa ngege umekatika: kipande cha kwanza kinaanzia karibu na kichwa na kupita juu ya ubavu, kinaishia njiani, halafu kipande cha pili kinaanza chini yake na kuendelea hadi mkiani. Ukishauona mara moja hutausahau.

Alama ya tatu utaipata jikoni unapomsafisha. Ndani kabisa ya koo kuna taya nyingine, zenye meno madogo, mbali na zile za mdomoni. Taya za mbele hukamata chakula na zile za kooni hukisaga. Wataalamu wengi wanaona kuwa hapa ndipo ilipo siri ya familia hii: kwa kuwa kusaga kumeachiwa koo, mdomo umekuwa huru kubadilika, huyu akapata mdomo wa kukwangua mwani, yule wa kunyonya wadudu mchangani, mwingine wa kumeza samaki wenzake.

Dagaa, mgebuka na sangala je?

Hapana. Dagaa wa Kigoma, pamoja na lumbu, ni jamaa wa samaki wadogo wa baharini, kama wale waitwao simu. Mgebuka na sangala ni wa familia moja na sangara wa Ziwa Victoria. Hii inashangaza wageni wengi, kwa sababu wao wakisema Tanganyika wanafikiria cichlid tu, wakati uchumi wa mialo yetu unabebwa na dagaa na migebuka.

Basi cichlid ni sawa na tilapia?

Tilapia wote ni cichlid, lakini cichlid wengi siyo tilapia. Wengine huandika "samaki wa jamii ya tilapia" wakimaanisha familia nzima. Naona si sahihi, maana inamfanya mtoto kuwa jina la baba.

Neno tilapia lenyewe lina asili ya kuvutia. Lilianzishwa mwaka 1840 na Andrew Smith, daktari na mtafiti aliyefanya kazi Afrika Kusini, na huelezwa kwamba alilichukua kutoka neno la Kitswana lenye maana ya samaki. Kwa hiyo jina linaloandikwa leo kwenye menyu za hoteli dunia nzima lina mizizi ya Kibantu.

Ngege wetu siku hizi kitaalamu ni *Oreochromis tanganicae*. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ina maana ya "chromis wa mlimani", na chromis lilikuwa jina la kale la samaki kwa Wagiriki. Ngege na mlima wapi na wapi? Jibu liko Kilimanjaro. Samaki ambaye kundi hilo lilipewa jina kwa ajili yake, mwaka 1889, alitoka Ziwa Chala, lililoko chini ya mlima ule mpakani mwa Tanzania na Kenya. Sato wa Ziwa Victoria naye yumo kwenye kundi hilo.

Samaki wa Tanganyika walianza lini kupewa majina ya kitaalamu?

Ngege aliandikwa mwaka 1894. Lakini kazi kubwa ilianza na Mwingereza J.E.S. Moore, aliyekuja ziwani miaka ya 1890. Wakati huo Ulaya ilikuwa na fumbo: mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm alikuwa ameona ziwani kiumbe laini kama wale viwavi wa baharini wanaowasha, na makombe ya konokono wa hapa nayo yalifanana na ya baharini. Moore akaamini ziwa lilikuwa limeungana na bahari zamani. Nadharia yake haikusimama. Samaki aliowabeba, hata hivyo, walifika London mikononi mwa George Albert Boulenger, Mbelgiji wa makumbusho ya huko, naye akaanza kuwaeleza mmoja mmoja mwaka 1898.

Ndiyo maana majina ya wawili hao yamejaa ziwani. *Tropheus moorii* amepewa jina la Moore. Kuhe, ambaye ni mmoja wa cichlid wakubwa kabisa duniani na hufikia karibu sm 80, anaitwa *Boulengerochromis microlepis*, maana yake chromis wa Boulenger mwenye magamba madogo. Mtu wa Kigoma aliyekula kuhe tangu utoto ana haki ya kujua kwamba samaki wake ni miongoni mwa wakubwa kabisa duniani katika familia yake, na sioni kwa nini jambo hili halisemwi zaidi.

Na hilo *Tropheus* lina maana gani?

Ni Kigiriki, maana yake mlezi. Jina limemfaa kweli. Mama hutaga mayai machache makubwa, huyachukua mdomoni, na kukaa nayo humo kwa mwezi mmoja hivi mpaka watoto wakomae. Watafiti wamegundua kwamba wakati huo mama huendelea kukwangua mwani kwenye mawe, siyo kwa ajili ya tumbo lake, bali watoto walioko mdomoni wapate kula.

Kwa hiyo siyo kweli kwamba wanakula watoto wao?

Wavuvi wakimfungua ngege mdomo na kukuta vifaranga, wengine husema amewameza. Ni malezi. Watoto wakitishwa hukimbilia mdomoni mwa mama na hatari ikipita hutoka tena. Si cichlid wote wanaofanya hivyo: kuhe hutaga chini, kisha baba na mama hulinda mayai na kundi la watoto pamoja. *Neolamprologus multifasciatus*, ambaye hata akiwa mzima hafiki sm 5, huishi na kuzalia ndani ya makombe matupu ya konokono. Ziwa moja lina mmoja wa cichlid wakubwa kabisa na mmoja wa wadogo kabisa.

Ipo pia hila moja ya kusikitisha. Kuna kambare mdogo wa madoadoa, *Synodontis multipunctatus*, ambaye hupenyeza mayai yake wakati cichlid anataga. Mama huyaokota yote pamoja. Mayai ya kambare huanguliwa mapema, na vifaranga vyake huwala watoto wa mwenye mdomo. Jambo hili liliripotiwa na mtafiti Mjapani Tetsu Sato mwaka 1986, kutoka ziwa hili hili.

Kwa nini ziwa letu lina aina nyingi hivi?

Zaidi ya 200, na karibu wote hawapatikani penginepo duniani. Ziwa Nyasa linatuzidi kwa idadi, lakini Tanganyika ni la kale zaidi, linakadiriwa kuwa na miaka milioni 9 hadi 12, na samaki wake wanatofautiana zaidi kwa maumbo na tabia.

Umri ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni mawe. Ukitembea kwa boti kutoka Kigoma kuelekea Gombe utaona ufuko unabadilika: majabali, halafu mchanga, halafu majabali tena. Kwa *Tropheus*, ambaye chakula na maficho yake viko kwenye mawe, kipande kirefu cha mchanga ni kama ukuta. Hakivuki. Basi wa jabali hili wanazaana wao kwa wao, wa jabali lile wao kwa wao, na baada ya vizazi vingi rangi zinaachana. Ndiyo maana samaki wa aina moja anaweza kuwa na mkanda wa njano kwenye ufuko mmoja na kuwa mwekundu kwenye mwingine.

Wapo pia walioachana ndani ya aina moja, mahali pamoja. *Perissodus microlepis* huishi kwa kunyofoa magamba ya samaki wengine. Baadhi wana mdomo uliopinda kushoto na baadhi kulia, kila mmoja akishambulia ubavu wake. Michio Hori, Mjapani mwingine, alionyesha mwaka 1993 kwamba makundi hayo mawili hupokezana wingi: wa upande mmoja wakizidi, wanaoliwa hujihadhari upande huo, na wa upande wa pili hunufaika.

Ni kweli jina la Kigoma limeandikwa kwenye matangi ya samaki Ulaya?

Ni kweli. Wafugaji wa samaki wa mapambo huuza na kununua kwa kutaja mahali samaki alikotoka, kwa sababu hiyo hiyo ya rangi kutofautiana ufuko kwa ufuko. *Cyphotilapia frontosa*, yule mwenye nundu kwenye paji la uso, anajulikana kwao kama "Kigoma" akiwa na mistari saba, wakati wa sehemu nyingine huwa na sita. *Tropheus duboisi* mwenye mkanda mpana wa njano huitwa "Maswa". Karilani na Ikola nayo yamo kwenye orodha zao. Kuna watu Ujerumani wanaoyajua majina ya vijiji vya ufukweni kwetu kuliko wanavyoyajua vijana wa Dar es Salaam. Wengi wa samaki hao wamezaliwa huko huko ndani ya matangi, vizazi vingi vimepita, na jina la kijiji limebaki nao.

Furu na mbuna ni ndugu zao?

Ndiyo, wote wawili. Furu ni cichlid wadogo wa Ziwa Victoria, waliopungua sana baada ya sangara kupandikizwa. Mbuna ni wa kwenye mawe ya Ziwa Nyasa, na neno hilo limeingia kwenye Kiingereza cha wafugaji wa samaki kama lilivyo.

Tuandike vipi kwa Kiswahili?

Mimi naandika siklidi. Inafuata matamshi, na inakaa vizuri na upatanisho wa viumbe: siklidi huyu, siklidi hawa. Ukiandika Kiingereza, angalia mpangilio wa herufi, c-i-c-h-l-i-d. Makosa ya kawaida ni kuanza na "ch" au kulimaliza kama neno la Kiingereza la mtoto, "child".

Mgeni akiniuliza jina la samaki nami nalijua la kienyeji tu, nifanyeje?

Mpe la kienyeji, tena mpe kwa uhakika. Mwambie "kuhe", mwambie "ngege", mwombe aandike. Wataalamu wanaojua kazi yao hulitafuta jina hilo, kwa sababu mvuvi aliyemtofautisha samaki kwa jina anajua pia kina anachokaa, mwezi anaotaga na nyavu inayomnasa. Kama ni samaki mdogo wa kwenye mawe asiye na jina kwenu, sema "siklidi", kisha taja ufuko mliomwonea. Kwa samaki wa Tanganyika, ufuko ni nusu ya jina.